Chakula cha Kwanza cha Mtoto: Kiazi Lishe na Unga wa Dagaa

Karibuni, ndugu watazamaji. Video hii inamhusu mtoto aliyetimiza miezi 6, umri ambao maziwa ya mama, ingawa ataendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, hayamtoshelezi tena peke yake, hasa kwa madini ya chuma. Wengi wetu huanza na uji mwepesi wenye sukari. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji wa namna hiyo hulijaza kwa maji bila kumpa virutubisho. Leo tutatumia viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, pamoja na dagaa wa ziwani.

Tuanze na dagaa, kwa kuwa kazi kubwa iko hapo. Ukifika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ulizia waliokaushwa juu ya chanja, maana waliotandazwa chini hubeba mchanga unaosumbua sana kuutoa. Ondoa vichwa na matumbo, uwaloweke katika maji ya uvuguvugu na kuwapekecha kwa vidole, kisha uwatoe kwa mkono badala ya kumimina maji, ili mchanga ubaki chini ya bakuli. Rudia hadi maji yawe safi. Waanike wakauke, uwakaange bila mafuta kwenye moto mdogo mpaka wavunjike kwa urahisi, halafu utwange na kuchekecha. Miba inayosalia kwenye chekeche usiitupe, kwani ina kalisi. Irudishe kinuni hadi isagike kabisa.

Sasa nawa mikono kwa sabuni. Menya kiazi, kichemshe kilainike, ukiponde, uongeze kijiko cha chai cha unga wa dagaa na mafuta kidogo ya alizeti, ambayo husaidia mwili kufyonza vitamini A, kisha urudishe sufuria motoni kwa dakika mbili. Chumvi haihitajiki. Tazameni ninavyokiinamisha kijiko: chakula kinabaki juu yake, hakitiririki. Huo ndio uzito tunaoutaka.

Kikipoa, mpe vijiko 2 hadi 3 vya chakula kwa mlo, mara 2 au 3 kwa siku, ukiongeza taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Mkalishe wima, mtazamane, na akigeuza uso usimshike kwa nguvu, hata kama bibi yake anasisitiza amalize. Kuanzia miezi 9 ponda kidogo tu ili ajifunze kutafuna, na milo ifike 3 au 4.

Karanga nzima zinaweza kumpalia, kwa hiyo zisage. Asali isubiri hadi atimize mwaka 1. Akivimba midomo au kupumua kwa shida baada ya kula dagaa, mpeleke hospitali mara moja. Kilichobaki kwenye bakuli lake kisiwekwe kwa ajili ya jioni.