Tengeneza kwatsi ya katoni, kisha uiminye

Karibuni, wandugu. Leteni katoni nyepesi, mkasi, rula, gundi, sindano na uzi mgumu. Hapa Lubumbashi havikosekani. Leo tunajenga kwatsi, lile jiwe ambalo wachimbaji wetu hulikuta limeshikana na malakiti, yale madini ya kijani ya shaba, tuone linafanya nini likigandamizwa.

Kata pembetatu yenye pande sawa, kila upande sentimita 12. Weka alama katikati ya kila upande, ziunganishe kwa mistari, kunja, gundisha. Umepata piramidi yenye sura nne. Katikati yake kuna atomu moja ya silikoni, na kila ncha ni oksijeni. Tengeneza sita, bila haraka, maana ncha ikiwa butu uzi hautashika vizuri.

Sasa zifunge ncha kwa ncha hadi upate pete. Kila kifundo ni oksijeni moja, mali ya piramidi zote mbili. Ncha zilizobaki ziache hivyo. Kwenye jiwe lenyewe nazo zimeshikana na majirani.

Laza pete mezani, iminye polepole kwa viganja. Nasogeza kamera hapa, kwa sababu jambo lenyewe ndilo hili: tundu la katikati linabanwa, piramidi zinazunguka kwenye vifundo, lakini katoni haijakunjika hata kidogo. Kifungo cha silikoni na oksijeni ni kigumu. Kinachokubali ni pembe kati ya piramidi na jirani yake. Kwa kawaida pembe hiyo ni nyuzi 144 hivi. Kwenye gigapaskali 10, karibu mara 100,000 ya kanieneo la hewa tunayovuta, inashuka chini ya nyuzi 135.

Chukua mkasi. Kata nyuzi, funga piramidi nne tu ziwe pete ndogo. Pete za namna hii zimo ndani ya koesaiti, umbo zito zaidi la silikoni na oksijeni zile zile, aliyoitengeneza mwanakemia Mmarekani Loring Coes maabarani mwaka 1953. Huanza kuundwa kwenye gigapaskali 2 hadi 3, na joto ndilo mkasi wake, yaani ndilo linalovunja vifungo. Sentimita moja ya ujazo iliyobeba gramu 2.65 za kwatsi sasa inabeba 2.92.

Karibu na gigapaskali 8 au zaidi, piramidi hazifai tena. Silikoni inataka oksijeni sita. Gundisha pembetatu nane za sentimita 6, upate umbo la ncha sita: hiyo ni stishovaiti, iliyotangazwa mwaka 1961 na Sergei Stishov na mwenzake, gramu 4.29 kwa sentimita moja ya ujazo. Mruko ule ni mkubwa sana, nami naupenda kuliko yote.

Bila joto je? Zifunge tena zile sita, uminye kwa nguvu zote bila mkasi. Kwatsi baridi huvumilia kupita mipaka yake, halafu kwenye gigapaskali 25 hadi 30 mpangilio wake unavurugika, nayo inabaki kama kioo. Hatua hii iache mwisho, maana katoni zitakunjika.