Mume akichukua pensheni ya Marekani akiwa na miaka 62, mke anapata kiasi gani?

Habari zenu huko nyumbani, karibuni tena. Leo nazungumza na ninyi ambao mume au mke yuko huku Marekani na kila mshahara anakatwa Social Security, yaani mfuko wa pensheni wa serikali ya Marekani. Mnaniuliza sana: mzee akianza kuchukua pensheni mapema, fungu la mama linapungua?

Wote wawili wakiwa hai, halipungui. Tupige hesabu. Kwa aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye, umri kamili wa kustaafu ni miaka 67. Tuseme pensheni kamili ya mzee ni dola 2,000 kwa mwezi. Akiichukua akiwa na miaka 62 anapoteza asilimia 30, anabaki na dola 1,400, na akifika 67 hairudishwi kuwa 2,000. Lakini fungu la mama linahesabiwa kwenye ile 2,000. Kama mke, anapata hadi nusu yake, yaani dola 1,000.

Kinachompunguzia mama ni umri wake mwenyewe siku anapoanza. Akianza na miaka 67 anapata 1,000 yote; akianza na 62 anapata 650. Mzee naye akivuta subira hadi miaka 70, pensheni yake inapanda hadi 2,480, ila nusu ya mama inabaki ileile 1,000. Na muda wote ambao mzee hajaomba, mama hawezi kulipwa fungu hilo.

Kama mama naye amefanya kazi huku, asitegemee pensheni mbili. Analipwa ya kwake kwanza, kisha anaongezewa pengo la kufikia ile nusu ya 1,000. Pensheni yake kamili ikiwa 600, pengo ni 400. Akianza na miaka 62, ya kwake inashuka hadi 420 na nyongeza hadi 260, jumla 680. Wengine hudhani wataomba moja sasa na nyingine waiache ikue. Kwa waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Januari 1954 hilo halipo: ukiomba moja umeomba zote.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo familia zinaumia. Mzee akifariki, mama anahamia kwenye fungu la mjane, na hilo linafuata uamuzi wa mzee. Mzee aliyeanza na miaka 62 anamwachia mama, akiwa naye ametimiza umri kamili, dola 1,650 tu, yaani asilimia 82.5 ya ile 2,000. Angesubiri hadi 67, mjane angepata 2,000. Angesubiri hadi 70, 2,480, kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Mke akiwa mdogo kwa miaka mingi, mzee afikirie hili kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo jingine: mzee akichukua mapema huku bado anafanya kazi, kuna kikomo cha kipato. Mwaka 2025 kilikuwa dola 23,400 kwa mwaka mzima. Kila dola 2 zinazozidi, inazuiwa dola 1, na fungu la mama linazuiwa pia hata kama yeye hafanyi kazi popote.

Kwenu mnaoishi Tanzania au Kenya bila uraia wa Marekani: ili ulipwe fungu la mwenza ukiwa huko, kwa kawaida lazima uwe umewahi kuishi Marekani angalau miaka 5 mkiwa mmeoana. Marekani haina mkataba wa hifadhi ya jamii na nchi zetu wa kulegeza sharti hilo. Msipange bajeti kwa fedha hizo kabla ya kulihakiki.

Ambaye mzee wake ameshaomba na sasa anajuta: ndani ya miezi 12 tangu akubaliwe anaweza kufuta ombi kwa fomu SSA-521, mara moja tu maishani. Atarudisha kila senti, pamoja na aliyolipwa mama, na mama lazima aridhie kwa maandishi.