Saa nane mchana mlangoni pa mzinga

BONI: Haya karibuni tena jamani, mi Boni, niko na dada Zuhura hapa kama kawaida, na leo dada nataka tuanze na ile video ulonitumia Jumapili. Maana niliifungua nikaona nyuki wamejaa mbele ya mzinga wanazunguka tu, nikasema basi, nyuki wa dada wanahama, nikakupigia hukupokea.

ZUHURA: Simu niliiacha ndani, nilikua nimekaa palepale nawaangalia. Hawakuwa wanahama Boni. Walikua wanajifunza kwao.

BONI: Kwao tena? Si wamezaliwa humohumo?

ZUHURA: Ndo hapo sasa. Wamezaliwa ndani, gizani. Nyuki kibarua akishatoka kwenye sega kazi zake za mwanzo zote ni za ndani, anasafisha vitundu, analisha watoto, anajenga, yaani anaweza kumaliza wiki na zaidi hajui nje kukoje. Afu inafika siku, mara nyingi mchana jua limewaka na upepo umetulia, anatoka mlangoni anaruka, lakini haondoki. Anageuka. Anaangalia alikotokea. Hiyo ndo alama yangu mimi, nikiona vichwa vyote vimeelekea mzingani moyo wangu unatulia.

BONI: Mi kwenye video niliona kama wanayumba, kushoto kulia, kushoto kulia.

ZUHURA: Hawayumbi, wanakariri. We chagua mmoja tu, usiangalie wote, watakuchanganya macho. Ananing'inia hewani kama shubiri moja hivi kutoka mlangoni, anaenda kushoto, anarudi kulia, anashuka kidogo, kama mgeni anayesoma namba ya nyumba ambayo usiku atairudia peke yake. Afu anarudi nyuma kidogo, ile njia yake inapanuka, sasa anauona mzinga na mpera uliopo pembeni, anarudi nyuma tena anaona na bati la jirani, anapanda, anapiga duara, hapo macho yangu yanampoteza. Baada ya dakika chache unaona wanarudi, miguu mitupu, hawana chavua hata punje, wanatua kwa kuhangaika, mwingine anakosa mlango anagonga ubao anajaribu tena. Na ukiwa karibu unaona kabisa ni vijana, wana vinyweleo vingi vya kijivujivu, siyo kama wale wazee wa porini ambao wameshapukutika mgongo unang'aa.

BONI: Kwahiyo siku moja inatosha, kesho anaenda kwenye maua?

ZUHURA: Hapana, anatoka mara nyingi. Kuna watafiti kule Uingereza waliwabandika nyuki vijiantena vidogo mgongoni wakawafuata na rada, matokeo yakatoka mwaka 2000, wakaona kila akitoka safari mpya anaenda mbali zaidi na kwa kasi zaidi, ila muda anaotumia unabaki karibu uleule. Na safari moja kwa kawaida anaenda upande mmoja mwembamba tu, hazunguki eneo lote. Mi hiyo ilinigusa sana, mdudu mdogo vile anapanga somo lake kipande kwa kipande.

BONI: Daah.

ZUHURA: Afu kuna kitu nataka nikisimulie maana kilinigharimu. Mwaka wangu wa kwanza pale Morogoro, nilikua na mzinga mmoja wa sanduku, jua la mchana linaupiga vibaya, nikaona niwasaidie. Asubuhi na mapema nikawafunga mlango, tukaubeba mimi na kijana mmoja kama hatua kumi na tano tukauweka chini ya mwembe, nikafungua. Mi nafurahi kabisa kwamba wamepata kivuli. Jioni naenda pale pa zamani, zile stuli nilikua sijaziondoa, nikakuta nyuki wamejaa juu ya stuli tupu, wameshikana, kibonge kikubwa kama embe dodo, na wengine bado wanakuja na chavua miguuni wanatafuta mlango ambao haupo. Hatua kumi na tano tu Boni, mzinga wanaweza hata kuunusa, lakini wao wanarudi walipopakariri.

BONI: Lakini si wametoka asubuhi kwenye mwembe, hawakuona kama wamehama?

ZUHURA: Hawakuangalia! Yule mzee anayejua njia akitoka mlangoni anachomoka moja kwa moja, hageuki, ageuke aangalie nini na kwao anapajua. Anayegeuka ni kijana. Usiku ule ule tukaurudisha mzinga juu ya stuli zake, wakaingia wote kabla hakujapambazuka, na kivuli nikakijenga mimi kwa makuti. Tangu siku hiyo nasogeza kidogo kidogo, chini ya mita moja kwa siku kadhaa, au kama ni kuhamisha nahamisha kweli, kilomita 5 na kuendelea.

BONI: Inanikumbusha yule Mholanzi, Niko Tinbergen, alipanga matunda ya msonobari duara kuzunguka shimo la nyigu, nyigu akiwa hayupo akalisogeza lile duara pembeni, nyigu karudi kaenda katikati ya duara, shimo lake lipo pale jirani halioni. Aliandika 1932 huko.

ZUHURA: Na yule nyigu anawinda nyuki wangu, lakini hapo nilimuonea huruma, maana nilishaiona ile stuli.

BONI: Sasa msikilizaji ana mzinga nyuma ya nyumba, akikuta fujo mlangoni atajuaje ni vijana au wanaibiwa asali na nyuki wa mzinga mwingine?

ZUHURA: Wakiibiwa utaona wanapigana, wanakamatana miguu wanaanguka chini, na wezi wanachungulia kila ufa wa sanduku, siyo mlango tu. Wakihama wanamwagika nje kama maji na hawageuki. Vijana hawana ugomvi, na ndani ya nusu saa hivi kunatulia. Na kama mvua imenyesha siku tatu nne mfululizo afu jua likatoka, hapo jiandae, wote waliokua wanasubiri wanatoka pamoja, usije ukakimbilia bomba la moshi ukaenda kuwavuruga siku yao ya kwanza nje.

BONI: Mi nakuja Jumamosi, nataka nione mwenyewe.

ZUHURA: Njoo saa saba na nusu, saa nane wanaanza. Usipake pafyumu, na ndizi usile njiani, harufu ya nyuki aliyekasirika inafanana na ya ndizi mbivu na hawa wetu hawabembelezi. Utavaa wavu, utakaa kwenye kigoda upande wa mpera. Mbele ya mlango usisimame mdogo wangu, watakukariri na wewe, ukishaondoka watapata shida.