Mzinga wa Kwanza: Mazungumzo na Wafugaji Wapya wa Nyuki, Tabora

Mwangaluka, ndugu zangu. Nashukuru kuwaona wengi hivi, hasa nyinyi mliotoka Sikonge alfajiri.

Pale nje mmeniuliza: "Mwalimu, nyuki wa kuanzia tunanunua wapi?" Marekani mtu huagiza nyuki wakamfikia kwenye boksi, na malkia wao ndani. Sisi tumezungukwa na miombo, na makundi yanahama yenyewe kutafuta pa kukaa. Kazi yetu ni kuwaandalia nyumba, kisha kuwafanya wasiihame. Hili la pili ndilo gumu, na ndilo lililonileta.

Mzinga mpya hunuka mbao tu. Yeyusha nta, upake upande wa chini wa kila kijiti watakachojengea sega, mstari mmoja katikati. Kijiti kiwe na upana wa milimita 32, ndio unaowafaa nyuki wetu. Kikizidi, sega linapinda na kushika vijiti viwili, hulitoi bila kulivunja. Pimeni kwa rula, msikadirie kwa macho. Tundikeni mapema, kabla miti ya mitundu haijachanua, kwenye kivuli na karibu na maji. Waya wa kutundikia upakwe grisi, maana sisimizi wakiingia nyuki wanaondoka.

Kuhusu kuweka mzinga uani: nyuki wetu ni wakali kuliko wale wa Ulaya. Kama jirani ana watoto, au mbuzi wa kufunga kamba, usiweke. Mbuzi aliyefungwa hana pa kukimbilia. Nendeni shambani, mita 300 kutoka kwenye nyumba na njia ya watu. Hapo silegezi.

Sasa wameingia. Mimi kundi langu la kwanza lilinipa furaha hata sikulala. Nikawa nafungua mzinga kila jioni kuwatazama. Siku ya nne nikakuta kimya. Kijiti kimoja kilikuwa na kipande cha sega jeupe, dogo kama kiganja cha mtoto, hakina yai wala asali. Nilikishika mkononi nikaona uchungu kweli.

Nilichokuwa sijui ni hiki. Kundi likiingia, kwanza linapungua. Yai la nyuki kibarua huchukua karibu wiki tatu mpaka atoke nyuki kamili, na siku hizo zote waliokuja wanazeeka na kufa bila mbadala. Wachache hao ndio wanaojenga, wanaolea, wanaolinda mlango. Ukiwafungulia na kuwapulizia moshi kila siku, wanaona hapakaliki.

Waacheni mwezi mzima. Mkitaka kujua hali yao, kaeni pembeni ya mlango, msisimame mbele yake, muwatazame miguu ya nyuma. Wakiingia na vidonge vya chavua, vya njano au vya rangi ya chungwa, ni dalili nzuri kwamba ndani kuna mabuu wanaolishwa na malkia anataga. Hakuna haja ya kufungua.

Na asali ya kwanza? Kundi changa liachieni yote, ilivushe kiangazi. Najua mnahitaji pesa, hata mimi nilihitaji.

Haya, moto umeshawaka kule nje na sufuria ya nta iko tayari. Kila mmoja achukue kijiti chake, tukapake.