"Mtu Mweusi Bwana!": Mhadhara kwa Vijana wa Tanga

Asalaam alaykum, na nyote hamjambo.

Tumechelewa kuanza kwa sababu kipaza sauti kiligoma. Kule nyuma nikasikia mtu anasema, "Mtu mweusi bwana!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Waya ndio ulikatika, lakini lawama ikaangukia ngozi!

Mzaha huu tumeuzoea, ila una gharama. Mwaka 1995 wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson walichapisha utafiti waliofanya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliwapa wanafunzi weusi na weupe mtihani mgumu wa lugha. Kati ya walioambiwa kwamba unapima uwezo wao, weusi waliachwa nyuma hata baada ya kuzingatia alama zao za awali. Kati ya walioambiwa kwamba ni zoezi tu la kutatua maswali, pengo likapungua sana. Na maswali yalikuwa yale yale! Fikiria mtoto ameshika kalamu, huku nusu ya akili yake inabishana na maneno ya watu.

Dawa ya maneno hayo ni kujiamini, lakini kujiamini ninakokusema si kujipiga kifua. Chukueni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa Fumba, Unguja, binti wa watu maskini aliyekuwa akiuza vyungu. Alipoingia mjini na kaniki yake, wakamtungia wimbo wa kumsimanga kwa sura na asili yake. Naye akawajibu kwa wimbo, kwamba la maana ni akili, si uzuri. Lakini kabla ya jibu hilo alikwisha kukaa chini akafundishwa kuimba, akafundishika. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, kwa Kiswahili.

Aliyeandika maisha yake ni mtu wenu, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, hapo Machui, mwaka 1909. Alikuwa karani wa forodha katika serikali ya Waingereza iliyopanga mishahara kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Pamoja na hayo akaandika mashairi, hadithi na insha, tena kwa lugha ambayo wakubwa zake kazini hawakuihesabu kuwa ya elimu ya juu. Hakungoja wampandishe daraja kwanza.

Walimu wangu mliopo, nina ombi. Siku ya mtihani msimwambie mtoto kwamba hesabu ni za Wahindi. Mpeni karatasi, mwonesheni saa, kisha mwacheni afanye.

Haya, nani ana swali?