Mkifundishana kwa Nyimbo

Ndugu zangu, mtanisamehe nikianza na sarufi mbele ya wanakwaya. Fungueni Wakolosai 3:16. Paulo anataka Neno la Kristo likae kwa wingi ndani yetu, “mkifundishana na kuonyana kwa zaburi, na nyimbo, na tenzi za rohoni”. Itazameni hiyo -ana. Hakuandika mkifundishwa, wala mkiwafundisha. Ukiimba, jirani yako anahubiriwa, nawe unahubiriwa naye, kwa pumzi ileile inayompa Mungu sifa, kwa maana mstari unaendelea, “mkimwimbia Mungu”. Wimbo wa ibada una wasikilizaji wawili basi: Mungu, na aliyesimama kando yako. Watazamaji hawamo.

Mwaka 386, mjini Milano, Justina, mama wa mfalme kijana Valentiniano, alitaka Waario wapewe kanisa. Waario, kumbukeni, walikana kwamba Mwana ni sawa na Baba. Askofu Ambrosi na waumini wakajifungia humo, askari wakiwa nje. Augustino, aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa, anasimulia kwamba ndipo watu walipofundishwa kuimba tenzi na zaburi, wasije wakazimia kwa huzuni. Wapinzani wakalalamika kuwa askofu amewaroga watu kwa nyimbo. Ambrosi hakukana! Alijibu kwamba hakuna chenye nguvu kuliko Utatu kuungamwa kila siku kwa kinywa cha watu wote. Waliokuwa hata uanafunzi unawashinda, sasa wote wamekuwa walimu. Hiyo ndiyo -ana ya Paulo, imevaa mwili.

Lakini Augustino huyohuyo aliogopa. Katika kitabu chake Maungamo anakiri kwamba kila sauti inapomgusa kuliko maneno yanayoimbwa, anajiona ametenda dhambi, na angependa heri asimsikie mwimbaji. Hata hivyo hakuufuta wimbo, kwa kuwa aliona masikio yanaweza kuiinua roho iliyo dhaifu. Zwingli, kiongozi wa matengenezo ya Kiprotestanti kule Zürich, Uswisi, naye mwanamuziki hodari, aliufuta kabisa ibadani. Namheshimu, ila nadhani alikata mti kwa sababu ya kiwavi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1963, ulitaja lengo la muziki mtakatifu kwa ufupi: utukufu wa Mungu na kutakatifuzwa kwa waamini. Ukahimiza kwaya zikuzwe, na papo hapo ukawaagiza wachungaji wahakikishe kusanyiko zima linashiriki. Hapa ndipo tunapokosea, na nasema kama mtu wa besi wa miaka mingi. Tunapandisha ufunguo mpaka soprano zing’ae, spika zinanguruma, na waumini wanabaki kutusikiliza, kisha wanatupigia makofi. Tumekuwa wasanii wazuri. Walimu waliofunzwa na jirani zao, hapana.

Mimi hurudi kwenye mstari mmoja mfupi wa Marko, 14:26: “Nao walipokwisha kuimba, wakatoka nje kwenda mlima wa Mizeituni.” Ilikuwa Pasaka, na desturi ya Wayahudi usiku ule ni Zaburi ya 113 hadi ya 118. Wavuvi wanaimba, na Bwana anaimba pamoja nao, akijua saa chache mbele kuna nini. Waebrania 2:12 inamweka yeye mwenyewe katikati ya kanisa akimwimbia Baba sifa. Sisi huitikia tu.

Zaburi ya 118 mnayo mkononi. Tusimame. Mwalimu, shusha ufunguo, kinanda kipumzike, na wa nyuma kabisa ndio watuanzishie.