Hiyo Tiki ni ya Nani?

Kamwene! Mlio nyuma sogeeni, spika ni mbili tu, na baridi hii ya Iringa ya mwezi wa saba haina sababu ya kuwaweka mlangoni.

Nasema lile lile la siku zote. Mtu ananunua santuri ya muziki wa glichi, anaiweka kwenye deki, anasikia tiki-tiki, kesho anamrudishia muuzaji eti imechubuka. Mwenzake anaisugua kwa mkono wa sweta mpaka inachubuka kweli. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza hiyo tiki ni ya nani.

Maana muziki wenyewe ni wa hitilafu. Oval, Wajerumani, walizichorachora CD ili zirukeruke, wakajenga nyimbo kwa vile vipande. Stefan Betke, anayejiita Pole, aliangusha filta yake ya Waldorf, kifaa cha kuchuja sauti, mwaka 1996. Ikaanza kudata kama kuni mbichi, akaipenda hivyo hivyo. Na Betke huyo ni fundi wa masta, yaani wa kuiweka sawa sauti ya mwisho, na wa kukata santuri, kwa hiyo msimfundishe tiki ipi ibaki.

Sasa chukueni simu, fungueni saa ya kuhesabia. Santuri ya 33⅓, yaani mizunguko 33⅓ kwa dakika, humaliza mzunguko kwa sekunde 1.8. Mkwaruzo uliokatiza mifereji, ile mistari ambamo sindano hupita, hukutana na sindano mara moja kila mzunguko. Tiki ya kwanza iite sifuri; ya kumi ikiangukia sekunde ya 18, santuri ina mkwaruzo. Ya 45 huzunguka kwa sekunde 1.33. Vumbi halina ratiba: punje imekaa kwenye mfereji mmoja, sindano ikishapita hazikutani tena.

Najua kuna mjuaji atauliza, "Na wimbo wenye mapigo je?" Swali zuri, kaa chini. Wimbo wa mapigo 133 kwa dakika, mapigo yake manne ni kama sekunde 1.8, karibu sawa na mzunguko, kwa hiyo tiki yake ya kila mapigo manne hufanana na ya mkwaruzo. Hapo saa pekee itakudanganya. Wengine hubonyeza 45 wakidhani watatenganisha wimbo na mkwaruzo. Bure, vyote viwili vinakimbia pamoja. Bandika kipande cha karatasi kwenye lebo, uangalie kilipo kila tiki inapolia. Tiki ya mkwaruzo itakikuta pale pale, au itahama polepole kama mkwaruzo umelala mshazari. Tiki ya wimbo wa mapigo 130 itaachana nacho. Baada ya mizunguko 20 tofauti inakaribia sekunde nzima. Bado una shaka? Zima, mulika tochi kwa ubavu, utauona mkwaruzo. Wimbo ukiwa 133 na kitu kidogo, tochi ndiyo itakayoamua.

Mvumo nao. Pan Sonic wa Finland wanakupa besi nzito ya muda mrefu, na umeme wetu wa 50 Hz nao unavuma. Nyanyua sindano, usiguse sauti. Kukiwa kimya, mvumo ulikuwa wa santuri. Ukiendelea, tazama ule waya mwembamba wa ethi unaotoka nyuma ya deki, wenye ncha kama uma. Mnaukata mkidhani umezidi! Ufungeni kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya. Deki zenye priamplifaya, kile kikuzaji cha mwanzo cha sauti, ndani mara nyingi hazina waya huo, basi msiutafute. Na deki isiyo na priamplifaya ukiichomeka AUX, sauti itakuwa nyembamba, besi hakuna. Hilo si glichi, ni tundu lisilo lake.

Kiangazi cha huku, kuanzia Makambako mpaka Uyole, hewa kavu na sweta la sufu vinachaji santuri, nayo inavuta vumbi. Brashi ya nyuzi za kaboni, mizunguko miwili, kisha itelezeshe kuelekea ukingoni. Uchafu uliogandamana unataka maji ya betri, yale ya kuongezea. Soma chupa, asidi ni kitu kingine kabisa. Maji ya bomba yakikauka yanaacha chokaa mferejini. Spiriti iwekeni mbali na santuri za zamani za 78, inayeyusha shelaki waliyozitengenezea.

Uzito wa sindano, haraka. Katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, ikiandikwa gramu 1.8 mpaka 2.2, weka 2. Wanaoweka 1.2 "kuihurumia santuri" ndio wanaoiua: tiki za glichi ni kali, sindano nyepesi inaruka na kuchokoa kuta za mfereji. Sarafu juu ya kichwa? Tusitukanane.

Mnaoagiza deki za Japani, someni kibandiko: nyingi ni volti 100. Na mota ya AC iliyotengenezwa kwa 60 Hz itaizungusha santuri hapa kwa 27.8 badala ya 33⅓, transfoma haiondoi hilo. Muda umekwisha.

Upande A basi. Uliye karibu na deki, hebu kaza ile skrubu ya ethi kwanza.